Madamu wa Jumanne

Hebu niambieni nyinyi mnaonisoma: mmewahi kumwona mtu ana chuo kizima, ana madawati mapya, ana chaki, ana walimu wawili waliovaa suti, halafu siku ya kufungua asije hata paka? Mimi nimemwona. Ijumaa alfajiri amefariki, Mungu amrehemu, hapa hapa Mahajanga, mtaani kwetu Tsaramandroso, katika kile chumba chake cha nyuma ya chuo. Kifua ndicho kilichomchukua, mvua za mwaka huu zilimpiga vibaya. Aliyekuja kunigongea ni mwenye puspusi, lile gari la kukokotwa kwa mikono, aliyekuwa akimpeleka kila aendako. Machozi yanamtoka, gari tupu nyuma yake. Akasema, "Dadi, Madamu ametuacha." Huku kwetu bibi ndiyo dadi. Nami nikamwuliza, "Amekuacha vipi, leo ameamua kwenda kwa miguu?" Tazama akili ya mtu mzima! Ndipo nikamwona uso, nikakaa pale pale mlangoni na unga wa mchele mikononi.

Sote wawili ni watu wa Andoany, kisiwani Nosy Be. Mama yake na mama yangu walichuma maua ya mlangilangi katika shamba moja, wakirudi nyumbani hata mchuzi wao unanukia maua. Mimi nilimtangulia sana kuzaliwa, nikaletwa Mahajanga bi harusi. Shule yangu ni chuo cha Kurani tu, na hicho nacho niliachia njiani maana mwalimu alikuwa mkali nami nilikuwa na kicheko cha karibu. Yeye alisoma Kifaransa mpaka kikamkubali. Basi tulipopata uhuru, wakubwa wakasema watu wazima nao wasome: kuandika, hesabu, kushona kwa cherehani, kulea watoto wachanga. Wakampa ghala la zamani la ngozi za ng'ombe, linanuka mpaka mbinguni, wakamwambia, "Lipange, liongoze, liwe chuo cha mtaa. Lakini mvua zikiisha, mkaguzi akija akakuta patupu, ghala litarudi kuwa ghala."

Mwenzangu, alipanga! Alipita nyumba hadi nyumba, anakaa mkekani, anakunywa chai ya kila mtu, anauliza, "Mama, siku gani una nafasi?" Kila mwanamke akamjibu Jumanne. Sisi wa pande hizi Jumanne ni mwiko kufanya kazi, tunauita *fady*. Hakuna anayegusa jembe wala kuingia shamba la mpunga. Mashehe wetu hutucheka, wanasema mnaswali sala tano na bado mnaiogopa Jumanne? Tunawaambia ndiyo, sala ni za Mungu, Jumanne ni ya upande wa mama. Basi Madamu akafurahi, akatangaza: chuo kinafunguliwa Jumanne. Akapaka chokaa, akapanga madawati, akavaa gauni jeupe. Jumanne ikafika. Wakakaa yeye na walimu wake wawili wanatazamana, inzi ndio waliokuja, na hao walifuata ngozi.

Jioni yake akaja kwangu nakaanga mokari, mikate yetu ya mchele na nazi. Hakusalimu. Tulisema Kimalagasi, kama watu wote wa mtaa, lakini nawaletea kwa Kiswahili alichoniachia baba.

"Dada, nyote mliniambia Jumanne!"

"Tulikuambia Jumanne tuna nafasi. Hukutuuliza kama twaweza kuanza."

"Kuna tofauti gani?"

"Wewe mtoto wa Andoany unaniuliza mimi tofauti? Nani aliyewahi kuanza kitu Jumanne kikasimama? Nyumba haianzwi Jumanne, safari haianzwi Jumanne, mchumba haposwi Jumanne. Chuo ndiyo kianzwe?"

Macho yakamtoka. Nikadhani atalia. Kumbe kicheko kilikuwa njiani, akacheka mpaka mokari zangu zikaungua. "Wamenisomesha, dada," akasema, "wakanisugua kichwa mpaka na Jumanne yangu ikaoshwa." Kisha akafuta macho, akawa anafikiri. Kila akifikiri huvuta ncha ya sikio, toka utotoni. Akaniuliza, "Na kuendelea je? Jumanne mtu anaweza kuendelea na jambo lililokwisha kuanza?"

"Kuendelea si kuanza," nikamwambia. "Chungu kilichokwisha kutengwa jikoni nani atakiepua kwa sababu ya Jumanne?"

Hapo alisimama, akachukua mokari mbili zilizoungua, akaondoka hata kwaheri hakuaga. Jumatatu iliyofuata akatuita sote. Shehe akasoma Fatiha, wazee wa upande wa mama wakamwaga maji kidogo kizingitini, na kila mmoja wetu akaingia, akapewa chaki, akachora mstari mmoja ubaoni, akarudi nyumbani kwake. Ndiyo hivyo tu. Mwanzo wa ngoma ni lele. Mstari wangu ulipinda kama mkia wa mbwa, naye akauangalia akasema, "Huu ndio mzuri, una mwendo." Kesho yake, Jumanne, ghala likajaa, maana hatukuwa tunaanza kitu, tulikuwa tunaendelea.

Lakini watu hawakosi neno. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mwanamke mwenye ulimi wa kukatia kamba, akasimama mlangoni, urembo wa liwa umemkauka usoni. "Niulize," akasema. "Kusoma ni kazi au si kazi? Kama ni kazi, leo ni mwiko. Kama si kazi, mnatutoa majumbani tuje kucheza?" Walimu wa suti wakatazama viatu vyao.

Madamu akamwuliza, "Shangazi, Jumanne wewe hufanya nini?"

"Nasukwa nywele."

"Kusukwa ni kazi?"

"Ni starehe. Ingawa huyu anayenisuka," akaninyooshea kidole mimi, "ana mikono ya mchuna ngozi."

"Basi njoni msukane hapa."

Na ndivyo tulivyosoma, wallahi. Tulisogeza madawati ukutani, tukatandika mikeka, mmoja anasukwa, mmoja anasuka, macho yote ubaoni. Herufi nilizijua kupitia kichwa cha wifi yangu: tukifika herufi mpya nimemaliza tuta moja la nywele. Alipoanza kusoma jina lake mwenyewe alishika kichwa changu kwa mikono miwili akalia, mafuta ya nazi yote usoni kwangu.

Mvua zikaisha, mkaguzi akaja kutoka mji mkuu. Mtu mpole, miwani, jasho. Akakuta ghala limejaa wanawake mikekani, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama. Akamnong'oneza Madamu, "Mama, niliagizwa kuhesabu watu walioketi kwenye madawati. Sioni hata mmoja." Sisi roho juu, tunaliona ghala linanuka ngozi tena. Madamu hakubishana, hakueleza mwiko wala nini. Akapiga makofi: "Mabibi, mgeni ana kazi yake. Tumsaidie." Tukanyanyuka na vichana vyetu, tukajibana kwenye madawati, wengine wameshikana nywele kama samaki kwenye uzi. Akahesabu, akaandika. Wifi akamwuliza, "Umemaliza, mwanangu?" Akasema amemaliza. Tukarudi mikekani. Yule bwana akabaki amesimama kidogo, kisha akavua viatu akakaa mkekani nasi mpaka somo likaisha. Chuo kikabaki chuo.

Mimi sijui kuongoza chuo, mimi naongoza jiko. Lakini nimetazama sana. Siku hizi za uhuru kila mtu anaongoza kitu, kila kona kuna mwenyekiti, na wengi wao wakikosea wanatukasirikia sisi kwa kutokuja. Yeye siku ile hakuna aliyekuja, na hakusema watu wa mtaa huu wajinga. Alikuja kuuliza, huku mokari zinaungua. Na jambo jingine: ufunguo wa chuo hakuwa nao yeye. Ulizunguka. Wiki hii kwangu, wiki ijayo kwa wifi, hata mwenye puspusi ameshakaa nao. Nilimwambia, "Mkuu gani huna ufunguo wa nyumba yako?" Akasema, "Dada, siku nikichelewa sitaki mkae nje." Jumanne iliyopita, siku nne tangu tumzike, mlango ulifunguliwa na yule aliyekuwa na zamu. Hatukukaa nje.

Kilichonichoma ni Andoany. Alikuwa amekwisha kupata nyumba kule ya kufungulia chuo cha pili, nyuma ya soko, na wakubwa wamemkubalia. Alikuwa amekwisha kuuliza wachumaji wa mlangilangi saa zao: maua huchumwa alfajiri, kwa hiyo chuo kitaanza maua yakishapelekwa kiwandani, wanawake waje na harufu yao. Angekwenda mvua zikikatika. Matangani nikawasikia wanawake wananong'ona, "Cha Andoany basi tena, kimekufa naye." Nikashindwa kula. Mama zetu wawili hawakujua kuandika hata majina yao, na pale ndipo alipozaliwa huyu.

Mjukuu wangu wa kike, ndiye anayeniandikia haya ninayosema, alijifunza ualimu chini ya Madamu na sasa anafundisha hesabu ghalani. Hapa niliposema Andoany ameweka kalamu chini. Nimemwambia andika, mbona umeacha? Akasema, "Dadi, nitakwenda mimi. Nakuahidi." Nikamwambia maneno ni rahisi, kisiwa kiko mbali, na wewe hata samaki hujui kukaanga. Utakwenda lini, utafungua lini? Akavuta ncha ya sikio, wallahi, kama yule. Kisha akasema, "Jumatatu nitawapa chaki, kila mtu achore mstari wake. Jumanne tutaendelea."