Vipande Arobaini na Kimoja

Nakumbuka asubuhi moja pale ofisini kwetu Kibaha, mwanangu, nilipomwambia mkubwa wangu neno moja tu, na hadi leo nikilikumbuka natokwa jasho. Nilisema, "Nimeukagua."

Nilikuwa mhandisi mwenye miaka miwili kazini, tayari najiona nimefika. Tulikuwa tumesanifu tangi la maji la zege, lenye kusimama juu ya miguu minne kando ya zahanati ya kijiji kimoja kule Msimbu. Hesabu za uimara wake nilizifanya mimi kwa kompyuta. Wewe mhandisi wa leo unazijua hizi programu kuliko mimi, lakini nivumilie. Kompyuta hailipimi jengo zima kwa mkupuo; hulikata vipande vidogo vilivyoshikana kama wavu, ikapima kimoja baada ya kingine. Kipande kikivutika kikawa chembamba kama sindano, jibu lake haliaminiki. Ndiyo maana wavu hukaguliwa kwanza.

Programu ilinionya. Ilisema vipande arobaini na kimoja ni vibovu. Nikaangalia wastani wa ubora wa vipande, nikauona mzuri ajabu, maana vipande vyote vilikuwa maelfu. Nikalifunga lile onyo, nikachapisha picha yangu ya majibu yenye rangi za kupendeza. Mdharau mwiba mguu huota tende. Msemo huo niliusikia tangu darasa la pili, ila sikudhani unanihusu.

Siku ninayokusimulia, tangi lilikuwa limekwisha kujengwa na lilipangwa kujazwa maji kwa mara ya kwanza saa nne. Saa tatu na nusu Mzee Urassa, mhandisi wetu mkuu, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka likizo ndefu, aliniita akaniuliza kama wavu niliukagua. Ndipo nikatamka lile neno. Hakubisha, alisema tu tuufungue pamoja.

Onyo likatokea tena, jekundu. Nikajitetea kwamba ni arobaini na kimoja tu kati ya maelfu.

"Sijakuuliza vingapi, binti," akasema taratibu. "Viko wapi?"

Nikabonyeza tuone. Mwanangu, vyote vilikuwa mahali pamoja, pale miguu inaposhikana na boriti inayobeba tangi. Hapo ndipo uzito wote wa maji unapokaa.

Tukampigia fundi wa Msimbu, hapatikani. Tukampigia mtendaji wa kijiji, simu inaita haipokelewi. Nilijua kina mama wamepanga madumu yao chini ya tangi, kwa kuwa sisi wenyewe ndio tuliowaalika. Saa nne ikafika, ikapita. Mzee Urassa hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alipiga, akapiga tena. Saa nne na dakika kumi na mbili fundi akapokea. Pampu ikazimwa, watu wakaondolewa, na maji yaliyokwisha kuingia yakafunguliwa yamwagike.

Adhuhuri nilivikata upya vipande vya pale kwenye kiungo, nikarudia hesabu. Nguvu inayolemea pale ilitoka karibu mara mbili ya ile niliyoiandika. Sijui kama tangi lile lingejaa likafika jioni.

Kesho yake mzee alinipeleka Msimbu nikawaeleze mwenyewe. Mama mmoja wa makamo alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo uliona, mwanangu?"

"Niliona, mama. Nikafunga."

Hakunitukana. Alijitwika dumu lake tupu, akashika njia ya bondeni kwenda kuchota, na wenzake wakamfuata. Walichota huko miezi minne, hadi miguu ya tangi ilipoimarishwa. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii: wastani mzuri usikutulize. Kibovu kikiwa kimoja, kifuate hadi kilipokaa, kwani kosa dogo likikaa penye uzito si dogo tena. Na ukiulizwa kama umekagua nawe hukukagua, sema hapana, uaibike papo hapo mbele ya mtu mmoja. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Mungu akupe jicho la kuona palipo na ubovu, akupe na ulimi wa kusema kabla maji hayajafunguliwa. Na kila utakachokisimamisha, watu wakae chini yake kwa amani, wala wasipate haja ya kulijua jina lako.