Safari ya Ngome Tatu

Kondoo akilowa mvua hunuka kama blanketi la sufu lililosahauliwa ndani ya ndoo, na mji mzima ulinuka hivyo: kituo cha treni, duka la mikate, hata kanisa lililoachwa mlango wazi. Juu ya harufu hiyo ulitanda moshi wa makaa ya mawe uliowasha koo. Ulikuwa mji mdogo wa Wales, barabara moja ya kupanda na moja ya kushuka, na juu ya vilima vilivyouzunguka zilisimama ngome tatu za kale. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimesoma kila kitabu cha ngome kilichokuwamo katika maktaba ya mtaa wetu wa Kilburn, London, na nilipoambiwa kwamba likizo ya Pasaka tutakwenda kuziona za kweli, sikujiuliza kwa nini watu waliotembea kwa miguu ili kuokoa nauli ya basi wamegeuka ghafla kuwa watalii. Nilidhani ni kwa heshima yangu. Mtoto anayesoma sana huwa mjinga kwa namna yake.

Tulikuwa wanne katika chumba kimoja cha kupanga. Baba, mtu wa Tanga, alisomea uhandisi mchana na kufagia ofisi jioni. Mama alisomea uuguzi, na shifti zake wodini zilibadilika kila wiki. Mdogo wangu Rehema alikuwa na miaka minne, na majira yale ya baridi aliachwa kwa jirani, kisha kwa jirani wa jirani, mpaka siku mama aliporudi akamkuta amepanda juu ya jiko linalowaka, anatafuta sukari. Baada ya siku ile mama alianza kuandikiana barua na mjane mmoja wa Wales, Bi Gwen, aliyekuwa akilea watoto wa wanafunzi wa kigeni. Ndiye aliyetupokea kwake. Mama alimkabidhi doti mbili za kanga akamwambia, “Sasa wewe ni shangazi yake.” Bi Gwen alizishika kanga zile kama mtu aliyepewa bendera ya nchi asiyoijua.

Siku mbili za kwanza tulitazama ngome mbili ndogo, nami nikahutubia. Nilieleza mishale, handaki, mafuta ya moto. “Haya, profesa,” baba akaniuliza, “na choo kilikuwa wapi?” Nilikijua. Nikawaonyesha tundu ukutani ambapo wakubwa wa zamani walikaa na mzigo wao ukaanguka moja kwa moja handakini, na Rehema akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mama hakucheka. Asubuhi zote mbili alimsuka Rehema, akafumua, akasuka tena kwa kukaza zaidi, kama mtu anayetaka nywele zidumu.

Siku ya tatu, wakati wa kifungua kinywa, Rehema akiwa uani na kuku, Bi Gwen aliuliza kama mtoto ameshaambiwa.

“Atazoea,” mama akajibu.

“Sikuuliza kama atazoea. Nimeuliza kama anajua.”

Mama alimtabasamia mwenyeji wake, akamgeukia baba kwa Kiswahili: “Mama huyu ana maneno!”

“Si vibaya tukimwambia,” baba akasema.

“Wewe uliagwa? Mimi niliagwa?”

Hapo ndipo nilipoelewa tumefuata nini Wales. Mama mwenyewe alipelekwa Pangani akiwa na miaka mitano, akalelewe na shangazi yake, na mama yake aliondoka wakati yeye anaonyeshwa vifaranga. Ndivyo ilivyofanywa: mtoto anayeachwa haagwi, anaondokewa akiwa kwenye mchezo, na hiyo ndiyo huruma. Alilia siku mbili, kisha akawa na mama wawili, na binamu wa kugombana nao, kwa lugha ileile. Kosa la mama lilikuwa kuamini kwamba nyuma ya mlango wa Bi Gwen kulikuwa na Pangani nyingine.

Njiani kwenda ngome ya tatu mama alinivuta pembeni. “Wewe ndiye mkubwa. Cheza naye kombolela. Akianza kuhesabu, njoo getini.”

“Atakaa mpaka lini?”

“Mpaka nimalize mitihani.”

Ningependa kuandika kwamba nilikataa. Nilichouliza ni kama kitanda kitakuwa changu peke yangu.

Ngome ile ilikuwa nzuri kuliko zote, kama zilivyochorwa vitabuni, minara minne na ukuta unaotokwa na maji. Rehema alilaza uso kwenye mawe, akafumba macho kwa viganja. Alijua kuhesabu mpaka kumi na mbili tu. Akifika hapo alirudi kwenye sita. Bi Gwen alisimama kando yake na mwavuli, akanitazama. Sikukimbia. Nilitembea, jambo ambalo mpaka leo naliona baya zaidi. Getini mama alinishika mkono akaubana mpaka vidole vikafa ganzi. Tulipofika kituo cha basi bado nilimsikia Rehema akihesabu. Kisha akaanza kuniita jina, mwanzoni kwa furaha.

Alirudi Kilburn baada ya miaka miwili na nusu. Mama alifaulu mitihani yote. Alipomsemesha binti yake kwa Kiswahili, Rehema alinigeukia mimi nimtafsirie. Hakucheza tena mchezo wowote wa kujificha, na hakumruhusu mtu kutoka chumbani kabla hajamwambia anakwenda wapi. Mama aliomba radhi kwa vyakula na nguo, kamwe si kwa maneno. Nami nilikwenda chuo kikuu kusomea historia, nikaandika kurasa mia tatu juu ya ngome za watu wengine.

Siku hizi watoto wa London, wangu wakiwemo, hujibu kwa Kiingereza bila kupelekwa popote, na hatuna wa kumlaumu. Baba ameshafariki. Mama alianza kutoka nje kwenye baridi bila viatu akitafuta njia ya Pangani, na mwaka jana tulimpatia nafasi katika nyumba ya wazee, kule Hayes. Mimi, mwenye elimu, nilipendekeza tumwambie tunakwenda kula chakula cha mchana, kisha tuondoke wakati ananyweshwa chai. “Atalia kidogo, atasahau,” nikasema.

“Hapana, kaka,” Rehema akasema. “Mimi nitamwambia.”

Alipiga magoti mbele ya kiti cha mama, akamshika mikono yote miwili. Kiswahili chake amejifunza ukubwani, na kinachechemea. “Mama, leo sisi tunakuacha hapa. Wewe utalala hapa. Kesho mimi nakuja saa nne.”

“Mnanitupa!” mama akapiga kelele. “Mbwa nyie! Mnanitupa!” Alilia, akamkwaruza usoni, akalia tena. Rehema hakuinuka. Alirudia maneno yaleyale, kwa sauti ileile, karibu saa nzima. Mimi nilikuwa ukumbini, nikisoma kwa makini yote ya msomi maelekezo ya kutokea nje moto ukizuka.

Mwishowe nikasikia sauti ya mama, imechoka.

“Saa nne ya asubuhi?”

“Ya asubuhi, Mama.”