Mashine Nyuma ya Nyumba Yetu

Mume wangu ni polisi, na tunakaa kambini Naguru. Serikali ilipoanza kukamata mashine za kamari zisizo na leseni, yeye na wenzake walizibeba kwa lori kutoka vibanda vya Nakawa, wakazirundika nyuma ya nyumba zetu zingoje amri ya kuchomwa. Amri ikachelewa. Sisi wake wa polisi tukaanza kuanika nguo juu yake.

Siku moja nilienda kuanua nguo, nikaona waya wa umeme umetoka dirishani kwangu hadi kwenye mashine moja. Mume wangu ameketi mbele yake juu ya ndoo, na sare zake mwilini, anatia sarafu. Nikamuuliza kama hana haya. Hata hakugeuka.

"Hiki ni kizibiti cha mahakama, mama watoto," akasema. "Nakilinda."

Kizibiti! Karo ya wanangu ndiyo iliyokuwa tumboni mwa hicho kizibiti.

Siku ya kuchoma, mkubwa mmoja alituhutubia kuhusu kucheza kamari kwa kiasi, tukapiga makofi. Mume wangu ndiye aliyewasha kiberiti. Jioni nilimkuta amechuchumaa kwenye majivu yenye moto bado, anachokoachokoa kwa kijiti, anatafuta sarafu.