Ukurasa wa Sitini na Mbili

Katika siku zangu zote za Uingereza, ninayoikumbuka zaidi ni Ijumaa moja ya mvua, nilipoitwa ofisini kwa mhadhiri wangu nikaenda nimevaa tai. Nilidhani naenda kupongezwa.

Moraa mwanangu, Alhamisi unapanda ndege kwenda kusoma kule nilikosoma mimi mjomba wako, kwa hiyo nisikilize kidogo. Sikuandikii habari za baridi. Mtoto aliyekulia Richfield, hapa Marekani, aliyengoja basi la shule kwenye theluji, hawezi kutishwa na baridi ya Waingereza, ambayo ni mvua tu isiyoisha. Nakuandikia kwa sababu ya ile insha uliyonisomea Jumamosi.

Nilikuwa mwaka wa kwanza, nasomea afya ya jamii katika mji wa viwanda kaskazini mwa nchi. Kwetu Kisii nilisifiwa kwa jambo moja: nikisoma ukurasa mara tatu, haunitoki. Hivyo ndivyo nilivyofaulu kila mtihani. Basi tulipopewa insha kuhusu kliniki za vijijini, nilichukua kitabu cha mhadhiri mwenyewe, nikakariri kurasa nne, nikaziandika bila kukosea. Niliona ni heshima. Mwanafunzi amlipe nini mwalimu wake kuliko kumrudishia maneno yake yakiwa mazima?

Mhadhiri, mzee mrefu mwenye sweta iliyotoboka kiwiko, alinikaribisha chai, kisha akafungua kitabu chake kando ya insha yangu.

"Ukurasa wa sitini na mbili," akasema. "Hata koma zangu umezihifadhi."

Nikatabasamu. "Ndiyo, Profesa. Nimeukariri wote."

Alifunga kitabu chake. Kisha akanieleza polepole, kama mtu anayempa mgonjwa majibu ya vipimo, kwamba hapo chuoni nilichofanya kinaitwa wizi wa maandishi, kwamba Jumatano ningefika mbele ya kamati, na kwamba kamati hiyo ilikuwa na uwezo wa kunifukuza.

Watu wa kanisa letu walikuwa wamekodi basi zima kunisindikiza uwanja wa ndege. Mama yangu, nyanya yako, alikaa kiti cha mbele na kitambaa kipya kichwani. Siku mbili sikula. Nilikuwa najiuliza nikirudi atanipokea nani, na nitamwambia nini.

Jumapili nikaenda kwa Mama Rael. Alikuwa mama wa kwetu aliyefanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, na kila Jumapili aliwapikia wanafunzi Wakenya ugali. Nilimweleza yote, nikitarajia anihurumie. Akaendelea kusonga ugali.

"Hiyo karatasi unayo?"

"Ninayo, Mama."

"Isome. Nitafsirie."

Nikasoma kwamba akina mama wa vijijini huchelewesha chanjo za watoto kwa sababu hawajaelewa umuhimu wake. Mwiko ukasimama.

"Wewe ulichanjwa?"

"Nilichanjwa."

"Kwa wakati?"

"Mama alichelewa. Kliniki ya watoto ilikuwa Jumanne, na Jumanne ndiyo siku ya kupeleka majani chai kwenye kituo cha ununuzi. Asipoyapeleka siku hiyo yanaharibika."

"Kwa hiyo alichelewa kwa ujinga?"

"Hapana! Alikuwa anajua kila kitu. Alisubiri wiki ambayo majani ni machache, akanibeba mgongoni."

"Haya," akasema. "Kumbe ulikuwa unajua. Kijana mzima umevuka bahari, umekaa chini, ukamtukana mama yako, tena bila kukosea hata koma. Hao wazungu wanakulaumu kwa kuiba. Mimi nakulaumu kwa ulichoacha nyumbani ukaenda kuiba. Sasa kula, ugali unapoa."

Wenzangu walicheka. Mimi nilikula, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa chakula kikapita.

Jumatano nilikiri mbele ya kamati bila kujitetea. Nilisema nimeandika maneno ya mtu mwingine kana kwamba ni yangu, na kwamba sikuyaamini hata nilipokuwa nayaandika. Mhadhiri akainua kichwa.

"Ulikuwa unaamini nini?"

Nikamweleza habari za kliniki na majani chai. Alichukua kalamu. "Jumanne?" akauliza. "Jumanne," nikasema. Akaandika.

Walinipa sifuri na onyo, na ruhusa ya kuandika upya kwa alama ya chini kabisa ya kupita. Niliandika usiku na mchana, nikitaja kila kitabu nilichokitumia, na mama yangu nikampa ukurasa mzima. Insha iliporudi ilikuwa na ile alama ya chini niliyoahidiwa, na pembeni, kwa penseli: "Sikulijua hili." Nina vyeti ukutani, lakini karatasi hiyo ndiyo niliyohama nayo mkononi nilipokuja Minnesota.

Sasa turudi Jumamosi. Ulinisomea kwamba familia za Kiafrika hapa Marekani hazipeleki wazee kwenye nyumba za kutunzia wazee kwa sababu ya mila. Nikakuuliza nani kasema. Ukanijibu, "Ni article, Anko, everybody cites it," yaani ni makala ambayo kila mtu huinukuu. Lakini Moraa, nyanya yako alikaa kwenye nyumba kama hiyo kule Maplewood wiki tatu. Aliacha kula kwa sababu hakuna aliyemsemesha kwa lugha yake, na ni wewe uliyekuwa unakaa naye kila ukitoka shule, ukimlisha uji kwa kijiko na kumwambia maneno machache ya Kikisii unayoyajua. Mama yako akamrudisha nyumbani. Hiyo article haikuwa ndani ya chumba kile. Wewe ulikuwepo.

Nasaha yangu ni hii: wasome wakubwa wa taaluma yako kwa heshima, na kila ulichochukua kwao useme umekichukua wapi. Lakini kabla hujakubali wanachosema kuhusu watu wako, jiulize macho yako yaliona nini, kisha uliandike hilo pia, hata kama aliyeandika kitabu ndiye atakayesahihisha insha yako.

Nenda, mwanangu, siogopi kwa ajili yako. Mungu aliyembeba nyanya yako hadi uzeeni akubebe na wewe. Akupe walimu wakali wenye masikio, na kila Jumapili akuonyeshe mlango mmoja wa kubisha ambapo ndani kuna mtu wa kukuambia ukweli na kukupakulia chakula.