Nimempa mke wangu pole isiyohitajika

Leo mizani imeniaibisha mbele ya mke wangu.

Tulipokimbia vita kutoka Shabunda, mke wangu, Maman Neema, alikuwa mgonjwa, akabebwa mgongoni. Sasa milio ya bunduki inasikika tena upande wa Kalehe. Tangu mwaka jana anapanda vilima vya Ibanda, tunapoishi sasa, kila asubuhi, ili miguu ipate nguvu kabla hatujakimbia tena.

Leo mwalimu wake wa mazoezi amempima.

Kilo zilezile za mwaka jana.

Nikamshika bega. “Pole, Maman. Umejitahidi.”

Mwalimu akacheka. “Papa, ngoja kwanza. Hii mashini inatenganisha. Mafuta imepunguka, misuli imeongezeka. Maman iko na nguvu sana.”

Mke wangu hata hakushangaa. Vilima vilikuwa vimeshamwambia.

Nikajidai naelewa, nikamwambia mwalimu, “Hataki kubebwa tena.”

“Ile ilishaisha,” akasema Maman, akifunga viatu. “Kukimbia naweza. Lakini wewe muzee, na ile magoti yako? Niko najitayarisha kukubeba.”

Tumerudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma nikihema.

Ninyi mngemwambia nini?