Kofia ya Mtani Wangu wa Uhamiaji

Nimekuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo hapa Tabora kwa miaka mingi, na sikuwahi kudhani kwamba siku nitakayoshtakiwa mimi, nitashtakiwa kwa ajili ya kofia. Nilikuwa nimejiandaa kwa tuhuma nzito zaidi. Hata hotuba ya kujitetea nilikuwa nayo kichwani, yenye maneno kama "uhuru wa mahakama", na niliifanyia mazoezi bafuni.

Asubuhi hiyo kulikuwa na shauri la mirathi. Mjane mmoja, mzaliwa wa Ulyankulu, ambaye wazazi wake walikuja na wakimbizi wa Burundi, alikuwa anaitetea nyumba ya marehemu mumewe kule Isevya. Mashemeji zake waliitaka. Walipoona kesi inawaelemea, wakaenda uhamiaji kusema kwamba mama yule si raia. Akikamatwa kabla hajatoa ushahidi, nyumba imekwenda.

Ujanja huo niliujua baadaye. Nilichokiona asubuhi ile ni afisa uhamiaji kuingia ofisini kwangu, mwenzake akibaki getini. Akavua kofia, akaiweka mezani. Alikuwa Mzaramo.

Mimi ni Mnyamwezi. Babu zetu walibeba mizigo kutoka huku hadi Pwani, wakipita kwa Wazaramo, na utani wa safari zile haujaisha mpaka leo. Mtani akikufanyia lolote, hukasiriki. Siku chache kabla ya hapo, kwenye msiba wa jirani, afisa huyuhuyu alinificha viatu, nami, mwanamke mheshimiwa mzima, nikatembea peku mbele ya waombolezaji mpaka nilipomnunulia soda. Tangu hapo nilikuwa namvizia.

"Shikamoo, mheshimiwa mpagazi."

"Marahaba, Mzaramo. Leo ngoma zimekatika mapema huko kwenu?"

"Nimekuja kumchukua yule mama wa mirathi. Tumeletewa taarifa zake."

Hakimu mwenye akili timamu angeuliza maswali ya kisheria. Mimi niliitazama kofia. Nikaitia kwenye droo, nikafunga, ufunguo nikautia kwenye pochi.

"Soda mbili, za baridi," nilimwambia.

"Mheshimiwa, bila kofia sare yangu haijakamilika. Nitamkamataje mtu kichwa wazi?"

"Basi kakae benchi la nyuma upoze kichwa."

Karani akaniita, nikaenda kusikiliza shauri huku najichekea.

Mama yule alieleza kwa kirefu jinsi yeye na mumewe walivyofyatua matofali wenyewe na kuyachoma, akiwa na mimba. Mashemeji waligeuka kumtazama afisa, wakageuka tena. Yeye alikaa na upara wake unang'aa. Ushahidi ulipokwisha, mama akajifunga kanga yake vizuri, akatoka. Mimi kofia nilishaisahau. Niliikuta mchana, nilipofungua droo kutafuta miwani.

Mashemeji wakapeleka malalamiko kwenye kamati ya maadili, kwamba nimewazuia maafisa uhamiaji wasifanye kazi yao. Mjini habari ikanenepa. Sokoni walisema nilimvisha yule mama baibui langu, nikamtorosha kwa mlango wa nyuma. Sikukanusha. Niliitikia shikamoo kwa sauti nzito zaidi na kupokea nyanya za nyongeza, kifua mbele.

Siku ya kamati nilisimama na hotuba yangu. Sijamaliza hata salamu, mwenyekiti akataka kwanza kumsikia afisa.

"Sikuzuiwa," alisema. "Mheshimiwa ni mtani wangu."

Wajumbe walicheka mpaka mwenyekiti akafuta machozi. Nikapewa onyo la mdomo kuhusu kuchezea sare za serikali, basi. Niliumia, kusema kweli. Nilitaka kuonewa kidogo.

Nje nilimuuliza jambo lililokuwa likinisumbua.

"Yule mama alitoka kwa geti kubwa. Mwenzako si alikuwa pale, tena na kofia yake kichwani?"

"Nilimtumia ujumbe akanywe chai."

"Kwa nini?"

Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Wale mashemeji walikuwa wananikonyeza, mheshimiwa. Mama wa watu anaeleza alivyochoma matofali na mimba tumboni, wao wananikonyeza. Nikasema amalize kwanza. Kesho yake nikamwita, akaja mwenyewe. Ni raia, wazazi wake walipewa uraia zamani."

Nyumba nilikuwa nimeshampa kwa hukumu, na kwa hukumu ile nilijiona jabali. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote:

"Hivi ningekuja na kofia yangu kichwani, nikamchukua pale mlangoni, wewe ungefanya nini?"

Nilitafuta jibu la kishujaa, sikuliona.

"Ningeahirisha shauri," nilimwambia.

Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, mtani wangu hakunicheka.