Mchi Uliojibu

Kanisani kwetu Vulamba, huku Butembo, mchungaji alipenda kusema kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi nilikuwa nimechoka na chawa hao, kwa sababu kila safari ya injili ilipopangwa, kidole changu kilikuwa cha jikoni. Mwinjilisti alibeba megafoni, waimbaji walibeba ngoma, mimi kinu.

"Mama, kila mutu na mwito yake," mchungaji aliniambia. "Wewe utapikia batu."

Nilikasirika, lakini nikakubali. Kijiji walichokuwa wanaenda, ukishapita Beni, ndiko alikoolewa dada yangu mkubwa. Simu yake ilikuwa haipatikani tangu waasi wapite kule wakiua watu, na hakuna aliyeweza kuniambia kama alikimbia, alibaki au alikufa. Ningekwenda hata kama wangenipa kazi ya kufagia.

Dereva alituacha barabarani, akakataa kuendelea. Tukaingia kwa miguu katikati ya mashamba ya kakao. Matunda yalikuwa yameiva yakapitiliza, yakawa meusi juu ya miti, na hakuna aliyeyavuna. Tuliimba mwanzoni. Kisha, bila kuambizana, tukanyamaza.

Kijiji kilikuwepo, nyumba zimesimama. Milango yote ilikuwa imefungwa, lakini moshi ulipenya kwenye paa, ukalala juu ya majani. Watu walikuwa ndani. Kuku mmoja alipita uwanjani, na mkono ukatoka chini ya mlango ukamvuta ndani.

Mwinjilisti aliinua megafoni. Ana sauti nzuri. Nimeona walevi wa Butembo wakiacha chupa zao kumsikiliza. "Bandugu, tuko batu ya Mungu. Mutoke tu, hapana ogopa."

Ndani ya nyumba tukasikia makomeo yakisukumwa. Mtoto alianza kulia, akazibwa mdomo. Kila alipoita, ukimya uliongezeka, mpaka akashusha megafoni na kunitazama kama mtu aliyepotea njia. Mimi nami nikamwita dada yangu kwa jina lake la nyumbani. Hakuna aliyeitika.

Basi nikafanya kazi niliyoletwa kuifanya. Nikaweka kinu chini, nikatia majani ya muhogo, nikaanza kutwanga sombe. Ilikuwa hasira zaidi kuliko imani.

Kwetu wasichana wawili hutwanga katika kinu kimoja: mchi wa huyu unapanda, wa yule unashuka. Dada yangu na mimi tulitwanga hivyo mpaka alipoolewa, na mpaka leo nikitwanga peke yangu naacha nafasi yake bila kufikiri. Nilipiga, nikaacha. Nilipiga, nikaacha. Na katika ile nafasi, kutoka nyumba ya mwisho iliyofungwa, mchi mwingine ukajibu.

Waimbaji waligeuka. Nilisimamisha mchi wangu. Ule mwingine nao ukasimama. Nilipiga tena, ukajibu mahali pale pale, kwa kuchelewa kidogo, kama alivyochelewa dada yangu siku zote. Nilifurahi. Nilikimbilia mlango ule.

Ulipofunguliwa, aliyeshika mchi alikuwa binti wa dada yangu. Kinu chake kilikuwa kitupu. Alikuwa anatwanga hewa.

"Mama mudogo, ulikawia," alisema.

"Mama yako iko wapi?"

Alinionyesha nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Dada yangu alikufa kwa homa, milango ikiwa imefungwa. Waliomchimbia kaburi walifunika udongo haraka na kurudi ndani, bila sala.

"Bale batu ba kuua baliita na megafone, eti batu baje mu reunion, mu mukutano," binti aliniambia. "Benye balienda habakurudia. Ndio maana tulifunga. Lakini mama alisemaka, bale batu habatwangake sombe."

Milango mingine ilikuwa ikifunguka. Watu walitoka mmoja mmoja, wakatufuata nyuma ya nyumba, wakasimama nasi kwenye kaburi, wakanitazama. Nilijua wanangoja neno. Mchi wangu ulikuwa umefungua milango, kweli, lakini mchi hauombei mtu. Wivu wangu wote juu ya ile megafoni uliniacha hapo. Nilimtaka mwinjilisti na sauti yake kuliko nilivyowahi kutaka maji.

"Semea yeye," nilimwambia. "Mimi nimeshindwa."

Akaiweka megafoni chini, mbali, ili wote waione. Akasema kwa sauti tupu. Alimwombea dada yangu, kisha wale walioitwa na hawakurudi, na watu walimpa majina ya watu wao, nyumba baada ya nyumba, naye akayataja yote. Waimbaji walipokea kwa wimbo, bila ngoma. Nililia hadharani, sikujali.

Binti wa dada yangu alifuta macho. "Sasa ndio tumemuzika," alisema. Kisha akaenda kuchochea moto, maana watu walikuwa wengi na sombe ilikuwa haijapikwa.